Kupimwa ADHD mtandaoni: unalipia nini hasa?

SWALI: Mimi ni karani mwenye umri wa miaka 29, naishi Kakamega, na ninashuku kwamba nina ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu. Mtaalamu mmoja wa mtandaoni ananitoza shilingi 3,500 kwa kikao cha dakika 30 na barua ya matokeo siku hiyo hiyo. Mwingine anataka shilingi 24,000 kwa vikao vitatu pamoja na ripoti. Je, nimlipe yupi?

JIBU: Dada yangu, kabla ya kulinganisha bei hizo, linganisha saa. ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Hutambuliwa kwa mahojiano ya kina, na ndiyo maana gharama kubwa ni muda wa mtaalamu. Kwa vigezo vya DSM-5 (mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili) vilivyotolewa mwaka 2013, mtu mzima anapaswa kuwa na angalau dalili tano za kukosa umakini, au tano za utukutu na kutenda bila kufikiri, zilizodumu miezi sita au zaidi, zinazoonekana katika mazingira zaidi ya mamoja na kuvuruga maisha yake, na kadhaa kati yake ziwe zilijitokeza kabla hajafikisha miaka 12. Aidha, ni lazima mtaalamu achunguze kama chanzo ni usingizi duni, wasiwasi, sonona au tatizo la tezi ya shingo, kwa sababu yote hayo huweza kumfanya mtu asahau na ashindwe kutulia. Sioni jinsi kazi hiyo inavyoweza kukamilika kwa nusu saa.

Hata hivyo, bei kubwa pekee si dhamana. Muulize kila mmoja wao ni nani atakayetia sahihi ripoti, kisha uhakikishe leseni yake: mwanasaikolojia husajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, naye daktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na baraza la madaktari. Hapa ndipo wengi huumia mfukoni. Mwanasaikolojia anaweza kukupima vizuri kabisa lakini haandiki dawa. Ukihitaji methilifenideti, ambayo ni dawa ya ADHD inayodhibitiwa, utalipia upya kumwona daktari, na daktari makini hataiandika kwa kutegemea barua ya mistari minne. Kwa hiyo shilingi 3,500 zako huenda zikawa malipo ya kwanza tu.

Dodoso la ASRS, la watu wazima kujikagua dalili za ADHD, lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18, na sita ya mwanzo hutumika kuchuja. Linapatikana bure. Usikubali kulipia dodoso hilo peke yake ukidhani umepimwa.

Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, safiri nyumbani ukatafute ripoti fomu zako za shule ya msingi, na umwombe mama au shangazi aliyekulea awepo kwenye simu wakati wa kikao kimoja. Mteja wangu mmoja hapa Kisumu alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa, katika fomu ya darasa la nne mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, “Ana uwezo ila hamalizi kazi. Mzembe.” Neno hilo la mwisho huniuma kila ninapolikuta, na huwa nalikuta mara nyingi, lakini mstari huo ulitupa ushahidi wa utotoni ambao kumbukumbu yake mwenyewe isingeweza kuutoa.

Kati ya hao wawili, ningemchagua wa vikao vitatu, mradi leseni yake ni halali na akubali kwa maandishi kwamba ripoti imo ndani ya bei hiyo. Ikiwa fedha hizo hazipatikani, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya umma, iwe hapo Kakamega au Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ile tunayoiita Russia. Foleni ni ndefu, lakini ada huwa chini kuliko ya kliniki binafsi. Na njia yoyote utakayochagua, ikiwa dawa zitatajwa, pimwa kwanza shinikizo la damu na mapigo ya moyo katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, kisha umpe daktari namba hizo, kwa maana hawezi kuzipima kupitia kioo cha simu.