Picha ya rejea haitakuchorea, wadogo zangu

Wiki hii nimefungua mafaili manne ya vijana wanaoanza kuchora kwa pikseli, vile vidoti vya mraba vinavyounda picha kwenye skrini, na yote manne yana kosa lilelile, picha ya kuangalizia, ndo rejea yenyewe, imebandikwa leya (tabaka) ya chini, opasiti imeshushwa ionekane hafifu, halafu mtu anapita juu yake na penseli pikseli moja moja. Nawapenda ndo maana nasema acheni.

1. Kupunguza picha siyo kuchora. Ukiibana picha ya simu iwe 32 kwa 32, programu inachanganya rangi za jirani unabaki na ukungu. Hapo una pikseli 1,024 tu, kila moja iwe na kazi.

2. Usinyonye rangi kwenye picha, JPEG ina rangi chafu kibao. Tengeneza paleti kwanza, yaani rangi chache utakazotumia. PICO-8, programu ya kutengenezea magemu madogo, ina rangi 16 na watu wanatoa magemu mazima.

3. Rejea moja haitoshi. Hapa ngoja niseme ukweli. Tulikuwa wawili tunatengeneza gemu, mimi nikapewa farasi, spraiti (kichoro cha mhusika wa gemu) ya pikseli 64 kwa 48. Nikatafuta picha moja, farasi kasimama, nikamfuatisha ukingo kwa ukingo wiki mbili, nywele za shingo nimezipaka uzi kwa uzi, ukizuum mzuri kweli, ukirudi asilimia 100 ni doa la kahawia. Sawa. Ikaja kumkimbiza, picha ya kukimbia sina, nikasema si najua, farasi akiwa hewani miguu ya mbele inanyooka mbele ya nyuma inanyooka nyuma. Fremu nane, yaani picha nane za mwendo mmoja. Mwenzangu akaweka kwenye gemu akasema huyu anaelea kama benchi, na mimi nikabishana naye siku nzima! Ndo nikaenda kutazama zile picha za mfululizo za farasi anayekimbia alizopiga Muybridge 1878, na farasi akiwa hewani miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji wa zamani walikosea hivyohivyo ila wao hawakuwa na hizo picha, mimi ninazo bure. Nikafuta fremu zote nane, na yule aliyesimama nikamfuta pia, maana bega lake lilipo sikujua, nilijua ukingo tu. Mwezi mzima wa mwenzangu ukapotea na hakunigombeza hata mara moja, hilo linaniuma mpaka leo.

4. Rejea ikae pembeni, siyo chini. Anza na umbo jeusi tupu, likisomeka ndo uweke rangi.

5. Kama lazima iwe ndani ya faili, Aseprite, programu ya kuchorea pikseli, ina leya ya rejea kabisa, itumie hiyo, leya ya kawaida utakuja kuieksporti na picha yake.

6. Kazi ya mchoraji mwingine itazame uone jicho kalimalizaje kwa pikseli mbili, usiifuatishe. Na wewe uliyenitumia simba jana, mkia usiuguse, umetulia. Miguu ya nyuma hapana. Tafuta video ya simba anatembea, isimamishe fremu kwa fremu, chora simba ishirini wa vijiti bila rangi, halafu nitumie hivyo vijiti kwanza.