Anza na mshale wa "Hapana"

Programu yangu ya kwanza ya kuendesha pampu iliiunguza pampu yenyewe. Kazi ilionekana nyepesi mno: maji yakipungua kwenye tangi, pampu iwake, tangi likijaa, izime. Chati mtiririko, yaani mchoro wa maumbo na mishale unaoonyesha hatua za kazi, niliiona ni mambo ya darasani, nikaketi kwenye kompyuta nikaandika amri moja kwa moja.

Ilifanya kazi vizuri mpaka usiku mmoja chanzo cha maji kilipokauka. Programu ilikuwa inasubiri kihisi cha juu, kile kifaa kinachotambua maji yamefika juu ya tangi, kiseme "limejaa". Hakikusema. Pampu ikazunguka kavu hadi asubuhi, nikaikuta inatoa harufu ya mpira ulioungua na haishikiki kwa moto.

Ndipo nikachukua penseli. Maumbo hayasumbui: duaradufu kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa kitendo, msambamba kwa taarifa inayoingia au kutoka, almasi kwa swali. Yamo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 5807 cha mwaka 1985, ila ukichora boksi lako vibaya hakuna mota itakayoungua. Kinachounguza mota ni almasi ambayo hukuifikiria njia yake ya pili.

Kila almasi ina milango miwili, na sisi sote hukimbilia wa "Ndiyo" kwa sababu ndiko kazi inakoendelea. Siku hizi naanza na "Hapana". Tangi limejaa? Hapana. Sasa twende wapi? Nilichokuwa nimeandika ni "rudi ukaulize tena", basi, bila kikomo. Nilipokichora nikaona mshale unajizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake. Nikapachika almasi nyingine katikati: dakika 20 zimepita tangu pampu iwake? Kama bado, rudi ukaulize. Kama zimepita, zima pampu, washa taa nyekundu, usiendelee mpaka mtu abonyeze kitufe. Hizo 20 sikuziotea. Nilikaa na saa, tangi likajaa kwa dakika 14, nikaongeza nafasi kidogo. Pima kwako, usinakili namba yangu.

Kosa jingine ambalo karatasi hulifichua ni kuwasha na kuzima kwa alama moja ya maji. Maji hayatulii, yakitikisika kidogo tu kihisi kinabadili kauli, relei (swichi ya umeme inayowasha na kuzima mota) inaanza kugonga ta-ta-ta, na mota haipendi kuwashwa kila mara. Kwenye chati utaona "washa" na "zima" zote zinatoka kwenye almasi moja. Weka mbili: maji yakishuka chini ya alama ya chini, washa; yakifika alama ya juu, zima; yakiwa katikati, usiguse kitu.

Na umeme ukikatika kazi ikiwa nusu? Boksi la kwanza baada ya "Anza" kwangu huwa "zima pampu", hata kama naamini imezimwa.

Kabla ya kuandika amri hata moja, mwite mwenzako. Yeye awe vihisi, wewe uwe kidhibiti. Weka kidole kwenye "Anza", yeye ataje hali: "chini pakavu", "juu bado", "juu bado", "waya wa kihisi umekatika". Hilo la mwisho mwambie alitaje bila kukupa taarifa. Kidole kikikosa pa kwenda, hapo ndipo pa kufuta na kuchora upya.

Lakini kama una pampu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, chati moja itakuchanganya; mishale inakatana mpaka inakuwa utando wa buibui. Mimi huchora kila pampu karatasi yake.

Chati ya ile pampu nimeibandika ndani ya mlango wa boksi la umeme. Taa nyekundu ikiwaka, fundi hanipigii simu tena. Anafungua mlango, anafuata mishale kwa bisibisi, kisha anakwenda kuangalia chanzo cha maji.