Shujaa anaonekana kabandikwa? Anza na mwanga

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini shujaa wako anayeruka juu ya ufukwe wa Bagamoyo anaonekana kabandikwa, ilhali kitambaa cha kijani ulichomrekodia mbele yake umekifuta vizuri kwenye kompyuta ukaweka ufukwe mahali pake. Shida ni mwanga, wala si programu. Ufukwe uliurekodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenzako anayeigiza shujaa ukamrekodi uani saa saba mchana. Bagamoyo asubuhi jua hutokea baharini, liko chini na rangi yake ni ya dhahabu. La saa saba liko utosini, linatia vivuli vizito machoni na chini ya kidevu. Ukibadilisha rangi kwenye kompyuta, vivuli hivyo vitabaki palepale. Mrekodi upya asubuhi, jua limpige upande uleule linaopiga mitumbwi.

Msogeze pia mbele ya kitambaa, mita mbili au tatu, mwanga wa kijani unaoakisiwa na kitambaa usimrukie mabegani.

Halafu mwendo. Kwa picha 24 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya karibu 1/48 ya sekunde huacha ukungu kidogo kwenye kinachosogea, ambao jicho limeuzoea sinema. Simu ikiwa juani hupandisha kasi ya shata yenyewe, ukungu huo unapotea, na joho linaonekana kurukaruka. Funga shata kwa mkono, na weka kichujio cheusi cha kupunguza mwanga (ND) mbele ya lenzi, picha isiungue kwa mwanga mwingi.

Mengine utayamaliza kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure linatosha: linganisha weusi wa sehemu za giza za shujaa na za mandhari, na akipita karibu na mchanga, mchoree kivuli. Joho ulilomshonea ni zuri mno, usiliache lipotee!