Kabla Hujalipia Simu ya Kuslaidi, Soma Yaliyonikuta

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja, binti wa Morogoro, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna simu ya tachi yenye kibodi ya kuvuta nimeiona mahali, used, wanataka elfu sabini. Nataka niwe naandikia hadithi kama wewe. Ninunue?"

Nikamjibu marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili. Siku mbili zimekuwa sita, kwa sababu kila nikianza kumjibu najikuta naandika habari zangu mwenyewe. Basi jibu lake naliweka hapa, maana najua hayuko peke yake. Hata wewe unayesoma hapa unaandika, au unatamani kuandika, na laptop huna.

Kwanza mnipongeze. Mwezi uliopita nimeweka nukta ya mwisho kwenye riwaya yangu ya kwanza. Maneno 62,000, yote kwa vidole gumba viwili, kwenye simu ya kuslaidi ambayo mtoto wa shangazi yangu anaiita takataka. Niliisubiri nukta ile miaka mingi, na nilipoiweka nilikaa kitandani nikaitazama simu mkononi kama mtu aliyeletewa mtoto wake.

Nilianzia kwenye kitochi. Mwaka 2010 nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi Manzese, na mchana mteja akipungua naandika hadithi kwenye sehemu ya meseji. Wanaojua wanajua. Herufi S ipo kwenye namba 7 na unaibonyeza mara nne. Neno "sasa" peke yake ni mibonyezo kumi. Ukiandika "wasisahau" unahema. Nilikuwa naandika mafungu mafupi mafupi, nayahifadhi kama meseji ambazo hazijatumwa, Jumapili naenda intaneti kafe kuyanakili upya kwenye kompyuta kwa kulipia saa. Hadithi zangu za wakati ule zina sentensi fupi sana, na wasomaji walizisifu kwa hilo. Mimi najua ufupi ule ulitoka wapi.

Mwaka 2012 nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na shilingi 180,000 nilizodunduliza tangu Pasaka. Winga akanipeleka kwenye duka la ghorofani, akanitolea simu iliyotoka Ulaya, used. Chapa siitaji. Kioo cha tachi inchi tatu na kidogo, na ukiisukuma kwa dole gumba kwenda pembeni, kibodi nzima inatoka chini yake kwa mlio mmoja mkavu, klak, na kioo kinajigeuza chenyewe kulala. Niliisukuma pale dukani mara tatu. Ya nne nikatoa hela.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipofika nyumbani ni kwamba herufi E ilikuwa imefutika. Kitufe kipo na kinafanya kazi, ila ule weupe wa herufi umekwisha. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameandika Kizungu, na Kizungu kinakula E. Baada ya mwaka mmoja mikononi mwangu ikaanza kufutika A. Ikafuata I, kisha K. Q na X zilibaki zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani, maana Kiswahili hakina kazi nazo. Nilikuwa naziangalia funguo zile usiku na kujiambia: simu hii imehama lugha.

Sasa kwa nini kibodi, wakati tachi ipo? Watu wengi wanauliza, hasa vijana waliokuta simu janja zimeshakuwa kubwa. Tachi za simu za bei nafuu za enzi ile hazikuwa hizi za leo. Kioo cha leo kinahisi umeme mdogo wa kidole chako, unagusa tu. Kile cha zamani kilikuwa na tabaka mbili, na lazima ubonyeze mpaka la juu ligusane na la chini, ndiyo maana wengi walitumia ukucha. Kwenye simu kama yangu, iliyotumia Symbian, ule mfumo wa zamani wa simu nyingi za Nokia, ukitaka kuandika kwa tachi kibodi ilikuwa inafunika kioo kizima. Ulikuwa humwoni tena mhusika wako, humwoni anayezungumza naye, unaona vitufe na mstari mmoja juu. Kibodi ya kuvuta ilikurudishia kioo. Ukurasa wako uko juu, vidole viko chini.

Halafu kuna suala la lugha, na hili linaniuma mpaka leo. Kibodi za tachi zinajifanya zinakusahihisha. Nimeandika "kama" ikageuzwa "karma". Nimeandika neno refu kama "hawakutusimulia" likapigiwa mstari mwekundu kama kosa, wakati ni Kiswahili safi cha bibi yangu. Kibodi ya vitufe haikubishii. Unachobonyeza ndicho kinachotokea. Taabu yangu pekee ilikuwa ile alama ya ng'ombe, ambayo kwangu ilitaka kushika kitufe cha pembeni kwanza, kwa hiyo wahusika wangu walifuga mbuzi kwa muda mrefu.

Na msidhani zilikuwa simu za watu waliochelewa. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa duniani, HTC Dream, iliyotoka Marekani mwaka 2008 kwa jina la T-Mobile G1, ilikuwa ya kuslaidi. Ilipotoka haikuwa na kibodi ya kwenye kioo kabisa. Ukitaka kuandika jina la mtu, uivute. Kibodi ya kwenye kioo ilikuja na toleo la Android 1.5, mwaka 2009. Baadaye zikaja za watu wa kawaida: Nokia C6, Samsung Galaxy 551, Xperia mini pro ya Sony Ericsson iliyokuwa ndogo ya kuenea kiganjani. Kufikia 2012, mwaka nilionunua yangu, watengenezaji wengi walikuwa wameshazigeuzia mgongo. Vioo vilikua, simu zikawa nyembamba, na kibodi inahitaji unene.

Miaka miwili ile ilikuwa mizuri. Nilianza hadithi ya mfululizo Facebook, kila Jumanne na Ijumaa. Naandika kwenye daladala nikitoka kazini kwenda Mbezi, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, foleni ikisimama naachia bomba naandika kwa mikono miwili. Nilifika sehemu ya 41. Watu walikuwa wananiamsha kwa meseji: kaka weka inayofuata. Mama mmoja aliyekuwa Muscat aliniambia anaisoma kabla ya kwenda kazini. Zilikuwa zimebaki sehemu tisa, na zote tisa nilikuwa nimeshaziandika, zimo ndani ya simu.

Siku moja nikaivuta, kioo kikacheza cheza. Nikairudisha, kikatulia. Wiki nzima ikawa hivyo. Nikifika nusu ya njia, mistari ya rangi inapita kama mvua, nikimaliza kuivuta picha inarudi. Mimi nikawa naivuta kwa adabu, polepole, nikidhani nambembeleza mgonjwa. Asubuhi moja ikawa nyeusi. Taa za vitufe zinawaka, simu inaita, kioo hakuna.

Nikampelekea fundi. Sikujua wakati ule, najua sasa: kioo cha simu ya kuslaidi kinaunganishwa na sehemu ya chini kwa mkanda mwembamba wa nyaya, na mkanda ule unakunjwa na kukunjuliwa kila unapoivuta. Ukiivuta mara hamsini kwa siku, kwa miaka miwili umeukunja zaidi ya mara elfu thelathini. Siku moja nyuzi zinakatika. Dawa yake ni kubadilisha mkanda, kazi ya saa moja. Fundi yule hakuufungua hata ubavu mmoja. Alisema ni programu, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaiflash, yaani akafuta kila kilichomo na kuiwekea programu upya. Kioo kiliendelea kuwa cheusi. Sehemu tisa zikafutika.

Nilimuuliza mbona hukuniuliza. Akasema, "Kwani kulikuwa na nini cha maana?" Nimeandika mambo mengi tangu siku ile, na bado sijamwandikia jibu mtu yule. Nilijaribu kuziandika upya zile sehemu na hazikurudi. Wasomaji wengine walisema nimeishiwa, wengine kwamba niliiba hadithi mahali na nimekosa mwisho wake. Ukurasa ule upo mpaka leo na sehemu ya 41 inaishia na neno "Itaendelea".

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujanunua, ifungue. Usiangalie kamera, usiangalie kava. Iwashe, kioo kikiwa kinawaka ivute polepole sana, simama katikati, angalia. Kikicheza hata kidogo, mkanda umeanza kuchoka. Ifunge, ifungue tena, mara ishirini, muuzaji anune akitaka. Kisha piga simu ukiwa umeivuta na ukiwa umeifunga, maana spika ya sikioni iko sehemu ya juu na sauti nayo inapita kwenye mkanda uleule. Kisha andika kila herufi, moja moja, hata zile usizozitumia. Kisha ivute tena. Na siku utakayoandika ukurasa wa kwanza, siku hiyohiyo uutoe nje ya simu: memori kadi, barua pepe, simu ya mke wako, popote. Maandishi yako yasilale kwenye simu peke yake hata usiku mmoja. Nimesema hata usiku mmoja.

Ya pili niliinunua mpya, ndani ya boksi, kwa sababu ya hasira. Nilisema used basi. Ilikuwa na umbo lilelile, laini mbili, na hata antena ya TV ya kuvuta, na jina juu yake linafanana na jina kubwa. Risiti nilipewa. Iliniandikia vizuri tu mpaka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu feki nchi nzima. Tulikuwa tumeambiwa miezi kadhaa kabla: bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu, zitume kwenda 15090 ujue simu yako ni halisi au la. Mimi sikutuma. Nilikuwa na boksi na risiti, nikaona inatosha. Asubuhi mtandao haupo. Nilirudi dukani, yule aliyeniuzia akaniambia ameshahama biashara hiyo, sasa anauza vitenge. Kosa la kutobonyeza namba tano lilikuwa langu, hela ilikuwa yangu pia. Bonyeza *#06# pale pale dukani, toa betri, linganisha na namba iliyochapwa chini yake. Zisipofanana, ondoka.

Sasa, kwa mwaka huu tulionao, lazima niwe mkweli. Simu hizi za zamani usizinunue kwa ajili ya WhatsApp. Kwenye Symbian ilikatwa tarehe 30 Juni 2017, na kwenye zile Android za 2.3 ilikoma Februari 2020. Tovuti nyingi hazifunguki tena kwa sababu ya ulinzi mpya wa mitandao. Mimi hii ya tatu, niliyoiandikia riwaya, sijaiwekea hata laini. Ni daftari. Nikimaliza sura natoa memori kadi, naiingiza kwenye simu yangu ya kawaida, natuma. Na kutokuwa na WhatsApp ndiko kulikonifikisha kwenye maneno 62,000. Mtu anayesema hana muda wa kuandika, mwambie akuonyeshe saa alizokaa kwenye magrupu jana.

Ukiikosa iliyo nzima, kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Simu nyingi za Android za leo zinakubali kibodi ya kawaida ya kompyuta kupitia waya mdogo wa OTG, unaochomekwa kwenye tundu la chaji. Sio zote, ijaribu kabla hujalipa. Simu unaisimamisha kwenye kikombe, kibodi mezani, unaandika kama karani. Kwenye daladala haifai, ila nyumbani inafaa sana.

Binti wa Morogoro nilimtumia hayo ya kuifungua na kuifunga kabla sijamaliza makala hii, kwa kuogopa angelipia. Jana amenijibu. Alikwenda, akaivuta polepole, kioo kikatulia, akashangilia. Namba za chini ya betri zikafanana. Kisha akaandika herufi moja moja, na A haikutoka. Muuzaji akamwambia, "Dada, herufi moja tu hiyo, nakupunguzia elfu kumi."

Amejaribu kuniandikia jina lake bila A. Lina A tatu. Simu kaiacha palepale, na Jumamosi anakwenda kutafuta waya.