Mke wangu anasema tochi inatosha

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Fort Worth, Texas, na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 6 na 15. Nina grini kadi. Mwezi uliopita, baada ya jirani yetu kuvunjiwa nyumba, nilinunua bastola, Glock 19 ya kizazi cha tano. Sasa nataka kuifunga taa chini ya mtutu. Dukani wamenionyesha SureFire X300 na Streamlight TLR-1 HL, zote za lumeni 1,000, na TLR-7A ndogo ya lumeni 500. Muuzaji ananihimiza nichukue yenye mwanga mkali. Mke wangu anasema tochi ya mkononi inatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na unisalimie sana shemeji. Yeye ndiye aliyekaribia ukweli. Taa ya bastola nitakuchagulia, lakini tochi ya mkononi inatangulia. Inunue kwanza, uiweke pembeni ya kitanda, uizoee.

Sababu ni moja. Taa iliyofungwa chini ya mtutu haiangalii popote ila pale mtutu unapoangalia. Ukimulika kochi, umelielekezea bastola. Ukimmulika mtu, umemwelekezea bastola mtu ambaye bado hujamjua ni nani. Na kwenye nyumba yenye watoto, mara nyingi anayetembea usiku ni wa humohumo ndani.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa saa nane usiku, nikasikia mlango wa gereji. Mwanangu wakati huo alikuwa chuoni Lubbock, mwendo wa saa tano kwa gari, na hakuna aliyetuambia anakuja. Nilisimama kwenye kona ya korido, bastola mkono wa kulia imeelekea sakafuni, tochi mkono wa kushoto, nikamulika dari. Dari yetu ni nyeupe. Mwanga ukarudi chini, jikoni na sebuleni kukaonekana pote kwa mara moja. Kijana wangu amesimama mbele ya friji, sufuria ya wali wa jana mkononi, kifuniko kimemdondoka. Alikuwa hataki kutuamsha. Alikula ule wali ukiwa baridi, nami nimekaa naye mezani, mikono inanitetemeka hadi alfajiri. Ningekuwa na taa ya bastola peke yake, ningemtambua mwanangu huku mtutu ukiwa kifuani pake.

Kwa hiyo jaribu leo usiku, bastola ikiwa imefungwa kwenye sefu. Zima taa zote, simama mlangoni mwa chumba, mulika dari, kisha mulika sakafu. Utashangaa chumba kinavyoonekana bila kumwelekezea mtu chochote.

Taa ya bastola kazi yake inaanza pale ambapo umeshaamua kuishika bastola kwa mikono miwili, na tochi haina tena mkono wa kuishika. Hapo ndipo inapokusaidia usimpoteze gizani yule aliye mbele yako, uone mikono yake, uone kama ameshika kisu au simu.

Sasa kuhusu lumeni. Muuzaji anakutajia lumeni kwa sababu ndiyo namba kubwa kwenye boksi. Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wa ule mwale wa katikati, yaani mwanga unafika wapi. TLR-1 HL na TLR-7A zinatofautiana mara mbili tu kwa lumeni, lakini kwa kandela moja ina 20,000 na nyingine 5,000, mara nne. Mwenye shamba anayetaka kuona mpaka kwenye uzio, tofauti hiyo anaihitaji. Wewe korido yako haifiki hata mita kumi, na kwa umbali huo TLR-7A inamwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi viatuni.

Kwa Glock 19 yako, mimi ningechukua hiyo TLR-7A. Inaishia sawasawa na mdomo wa mtutu, haichomozi. X300 ni taa nzuri mno, sina neno baya juu yake, lakini inapita dola 300, na hiyo tofauti ya bei ndiyo tochi yako na risasi za mazoezi.

Ila usilipe kabla ya mambo mawili. La kwanza, mwombe muuzaji aifunge kwenye bastola tupu, uishike kama unavyoshika siku zote, uone kama kidole gumba cha mkono wa kushoto kinaifikia swichi bila mshiko kulegea. Ukilazimika kuhamisha mkono, hiyo siyo taa yako. Na swichi za kubonyezwa kwa mkono ulioshika bastola, zinazokaa chini ya triga, achana nazo kabisa. Mwaka 2010, hapohapo Texas, mjini Plano, askari polisi alitaka kuwasha taa ya namna hiyo, akabana triga, akaua mtu. Vidole vya mkono mmoja, ukiwa na hofu, hubana vyote pamoja.

La pili, pima sefu na ala. Mimi nilifunga taa kwa furaha, nikafika nyumbani nikakuta sefu ya pembeni ya kitanda haifungi tena. Ala nayo ikawa haifai, maana ala hutengenezwa kwa bastola pamoja na aina ileile ya taa. Sefu usiifanyie mchezo: sheria ya Texas inamtia hatiani anayeacha kwa uzembe bastola yenye risasi bila kuifungia, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, na wako wote wawili wamo.

Ukishafunga, nenda uwanja wa shabaha, maliza magazini mbili tatu, halafu kaza skrubu tena. Lenzi itashika masizi. Kifutio cha penseli kinayatoa. Betri ni moja, CR123A, inayodumu kama saa moja na nusu ikiwaka mfululizo. Mimi hubadilisha kila Ramadhani inapoandama, hata kama ya zamani bado inawaka.

Halafu kaa na yule wa miaka 15. Mwambie akichelewa kurudi apige simu, na akiingia aite kwa sauti. Mwanangu sasa ana miaka 24, na akija kututembelea hupiga hodi akiwa bado gereji, na hasogei mpaka mama yake aitikie karibu.