Uhamisho wako wa Nairobi

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Huku Lamu hatujambo, mamako anakusalimu na anawaulizia wajukuu zake. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Kampuni inataka uhame Malindi uende Nairobi kwa nyongeza ya shilingi 15,000, na usipotaka, kuna nafasi Kilifi au Voi kwa mshahara uleule. Umeuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Kwa masharti hayo nisingeenda Nairobi. Ningechukua Kilifi.

Unajua kazi yangu ilikuwa ofisi ya mishahara, basi niwie radhi nikianza na hesabu. Hiyo 15,000 hutaiona yote. Mshahara wako tayari umefika daraja la asilimia 30 la PAYE, ile kodi ya mapato, na kuna makato ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na NSSF, mfuko wa uzeeni, nayo ina chake. Kitakachokufikia mkononi ni kama 10,000, pengine pungufu. Sasa iweke hiyo 10,000 kando ya kodi ya nyumba ya vyumba viwili mitaa ya South B au South C huko Nairobi, ukitoa unayolipa leo Maweni hapo Malindi. Haitoshi. Na mwenye nyumba hakupi ufunguo mpaka umlipe kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti kwa pamoja, huku lori la vyombo kutoka Malindi likiwa na kilomita kama 600 za kwenda. Barua yao haisemi gharama hizo ni za nani.

Kisha kuna pesa ambazo hazionekani kwenye pesilipu yako. Nilipokuja kwenu mara ya mwisho nilimkuta mkeo kwenye cherehani, gauni la bibi harusi limejaa mapajani, pini midomoni, na mteja mlangoni anauliza pindo litakwisha lini. Mtoto mdogo hakuwepo, alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, analala na kula huko mpaka jioni. Wateja wale wa Malindi hawatamfuata mkeo Nairobi na nguo za Idi. Na huko mtoto atataka yaya, naye yaya ana mshahara wake. Kampuni haiwezi kuyajua haya, lakini wewe unayaona kila siku, na sikuona hata neno moja juu yake katika hesabu uliyonitumia. Tena mkubwa yuko gredi ya sita. Mtihani wa KPSEA, ule wa kumaliza shule ya msingi, ni mwisho wa mwaka, na kumhamisha shule sasa hivi sioni kuwa ni kumtendea haki.

Nairobi ina jambo moja ambalo miji yetu haina, nalo ni kubwa: ukipoteza kazi, unaweza kupata nyingine palepale. Malindi umeona mwenyewe, ukifika mwezi wa nne hadi wa sita watalii wanapungua, hoteli nyingine zinafunga, na biashara zinazozitegemea hoteli hizo nazo zinapunguza watu. Tawi la Kilifi likifungwa, sijui kama waajiri wa fani yako hapo watazidi vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo wangekupa cheo, ukaongoza watu na jina la kazi likabadilika, ningekwambia nenda, hata kama mwaka wa kwanza ungekaa peke yako. Cheo utakwenda nacho popote. Lakini kazi ileile, katika mji ulio ghali zaidi, mimi naihesabu kuwa umepunguziwa mshahara.

Voi sina ubaya nayo, treni inasimama pale, ila ni mbali na Malindi, utakuwa na safari ndefu kila ukitaka kuwaona watoto. Kilifi ni kilomita kama 60 tu kutoka Malindi. Unaweza kwenda na kurudi kwa matatu mpaka mtihani upite, ndipo muamue kuhama au la. Ukitafuta nyumba huko, anza mapema, maana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani nao wanatafuta vyumba.

Meneja usimjibu kwa mdomo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka masharti ya kazi yakibadilishwa wewe ushauriwe na mabadiliko yaandikwe. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri akupe nyumba au pesa za kutosha kupanga. Waandikie uwaulize marupurupu ya nyumba ya Nairobi ni kiasi gani, nani analipia kuhama, na kama ukitaka kurudi Pwani baada ya miaka miwili utarudishwa. Wakijibu vizuri, nitumie barua yao tuhesabu upya, sina shida ya kubadili maneno yangu.

Ila kabla ya kuandika chochote, kaa na mkeo. Hukuniambia yeye anasema nini, na hilo ndilo nataka kulisikia kwanza. Nipigieni nyote wawili baada ya Isha, usiku wowote.

Babako