Windows, Ubuntu na Mac kwenye duka moja: mafaili yapite wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na mdogo wangu tuna steshenari karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta ya wateja ni ya Windows 11, ya kuchapia barua ni ya Ubuntu, na mdogo wangu anahariri video za harusi kwenye Mac. Kila kitu tunahamisha kwa flashi. Juzi video ya sendofu ya GB 7 iligoma kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyokuwa tupu kabisa. Rafiki yetu anasema tuwashe SMB1 kwenye Windows ndipo mashine zitaonana. Tufanyeje?

JIBU: Nzuri, dada. Nianze na ushauri wa rafiki yenu, maana ndio wenye hatari: msiiwashe SMB1. SMB ni utaratibu ambao kompyuta hutumia kupeana mafaili na printa ndani ya mtandao, na toleo lake la kwanza lilibuniwa miaka ya 1980. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu la toleo hilo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai malipo. Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka tangu Machi, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Kuanzia mwishoni mwa mwaka ule, Windows mpya huja bila SMB1. Mashine zenu zote tatu zinajua SMB2 na SMB3, kwa hiyo zikikataa kuonana, sababu iko kwingine.

Flashi yenu karibu hakika imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhia mafaili ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4, hata nafasi iwe tele. Kama ina kitu sasa, kihamisheni kwanza, kisha ifomatini kwa mpangilio wa exFAT. Windows, Mac na Ubuntu za miaka hii zote zinaisoma na kuiandika. Msichague mpangilio wa NTFS, kwa sababu Mac huisoma tu, haiandiki.

Lakini flashi ibaki ya dharura. Kwenye steshenari flashi moja inaingia kompyuta ya wateja asubuhi na Mac mchana, na virusi vinasafiri nayo. Dawa yenu ni folda ya pamoja kupitia rauta mliyonayo. Haili bando hata chembe, kwani mafaili yanazunguka humo humo dukani. Bando likiisha, kazi inaendelea.

Mwenyeji wa folda awe Ubuntu, kwa kuwa ndiyo mashine isiyoguswa na wateja. Tuchukulie akaunti yake inaitwa duka. Ndani yake tengenezeni folda mbili, kazi na wateja, kisha kwenye dirisha la amri:

sudo apt install samba
sudo adduser mteja
sudo smbpasswd -a duka
sudo smbpasswd -a mteja

Amri mbili za mwisho ndizo wengi huziruka. Samba, programu inayoiwezesha Linux (familia ya Ubuntu yenu) kuzungumza SMB, ina orodha yake ya nywila. Nywila unayofungulia Ubuntu haiijui mpaka uiandikishe hapo. Ukiruka hatua hii, Windows itakuuliza nywila, utaandika ile ile sahihi, nayo itakukatalia mpaka uchoke.

Baada ya hapo ongezeni haya mwishoni mwa faili /etc/samba/smb.conf:

[kazi]
path = /home/duka/kazi
valid users = duka
read only = no

[wateja]
path = /home/duka/wateja
valid users = duka mteja
force user = duka
read only = no

Hifadhini, kisha sudo systemctl restart smbd. Kwenye Mac, mkiwa Finder, bonyezeni Command na K, mwandike smb://192.168.1.20/kazi na kuingia kwa jina la duka. Kwenye Windows, juu ya dirisha la mafaili andikeni \\192.168.1.20\wateja na kuingia kwa jina la mteja. Namba hiyo, yaani anwani ya Ubuntu ndani ya mtandao wenu, ni mfano. Ya kwenu mtaipata kwa amri hostname -I kwenye Ubuntu.

Nimetenga folda mbili kwa makusudi. Watu wanawaachia nakala za vyeti, vitambulisho na picha za familia zao, hizo zikae kwenye folda ya kazi, ili yeyote anayeketi kwenye ile Windows asiweze kuzifungua. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mteja aliyekuamini na cheti chake anastahili kulindwa. Kwa hiyo nywila ya duka isiandikwe kamwe kwenye kompyuta ya wateja, na msikubali folda isiyo na nywila eti kwa urahisi.

Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuigawia Ubuntu anwani nyingine, na folda iliyofunguka jana leo haipatikani. Ingieni kwenye mipangilio ya rauta, muitengee Ubuntu anwani moja ya kudumu. Hapo hapo mbadilishe nywila ya rauta kama bado ni ile ya kiwandani.

Kwa video, tumieni waya badala ya waifai. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde utapitisha zile GB 7 kwa dakika kumi na kitu. Rauta, waya na mashine vikiwa vya gigabiti, ni kama dakika moja au mbili.

Angalieni pia majina ya mafaili. Ubuntu inakubali nukta mbili na alama ya kuuliza kwenye jina, Windows haikubali. Barua mliyoiita "Barua: Kyela.odt" itatokea kwenye Windows ikiwa na jina fupi la herufi zisizoeleweka lenye alama ya ~ katikati. Faili halijaharibika. Libadilishieni jina kwenye Ubuntu, muweke kistari mahali pa nukta mbili.